Nimecheza Austerlitz mezani kwangu Uyole, mimi nikiwa Napoleon, na nimechapwa. Naomba ushauri

MIZINGA YA UYOLE
Wakuu, heshima mbele.

Naombeni msicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mtu mzima, nina mke, watoto watatu na ekari mbili za viazi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi jamaa yangu mmoja anakuja nyumbani, tunaondoa vyombo mezani na kupigana vita vya Napoleon mpaka usiku mkubwa. Si mchezo wa simu. Ni vijiaskari, dadu na tepu ya fundi cherehani.

Wenzetu Ulaya wananunua vijiaskari vya plastiki au vya madini, vingi vina urefu wa milimita 28, na wanavipaka rangi kifungo kwa kifungo. Tuliulizia bei pamoja na kusafirisha, tukarudi kwenye maboksi ya dawa ya meno. Tunakata askari wa kadibodi, tunambandika juu ya kizibo cha soda, bluu Mfaransa, kijani Mrusi, nyeupe Muaustria. Mizinga ni mirija ya kalamu iliyokatwa, magurudumu yake vifungo vya shati. Uwanja ni blanketi la shule la binti yangu. Ukitaka kilima unaweka vitabu chini ya blanketi.

Sasa kisa. Mwezi huu tulipanga Austerlitz, vita ya tarehe 2 Desemba 1805, kule ambako leo ni Jamhuri ya Cheki. Kizibo kimoja askari elfu moja. Mimi Mfaransa vizibo 72, yeye Mrusi na Muaustria vizibo 85. Katikati pana kilima cha Pratzen. Nilikitengeneza kwa kamusi mbili na Biblia kubwa ya marehemu babu. Mama watoto alipoiona Biblia iko chini ya Warusi akaitoa bila kusema neno, akaweka albamu ya harusi yetu.

Kwa asiyejua: Napoleon alikuwa amekishika kilima kile, akakiachia kwa makusudi. Akaufanya upande wake wa kulia uonekane umekonda. Alitaka adui ashuke kwa pupa kuja kuukata upande huo na kuiziba barabara ya Vienna. Wakashuka kweli. Bondeni ukungu mzito, na ndani ya ukungu kajificha jenerali wake Soult na vikosi vyake. Kilima kilipobaki kitupu, kama saa tatu asubuhi, Soult akapanda, jeshi la adui likakatika vipande viwili. Upande ule uliokonda ukaokolewa na jenerali wake mwingine, Davout, ambaye watu wake walikuwa wametembea kilomita kama 110 kwa muda wa siku mbili. Chukulia kutoka Tunduma mpaka Mbeya mjini kwa miguu, na mzigo mgongoni, ukifika tu unaanza kupigana.

Nikapanga vile vile. Kulia nikaacha vizibo vichache. Soult nikamfunika kwa pamba ya duka la dawa, ndiyo ukungu. Nikasubiri.

Jamaa hakushuka.

Raundi ya kwanza hakushuka. Ya pili akasogeza mizinga yake ikae vizuri zaidi juu ya albamu. Kwetu raundi moja ni nusu saa ya vita, na nilisubiri raundi sita, yaani saa tatu nzima za Napoleon, jamaa anamenya yai la kuchemsha na kumwomba shemeji yake chumvi. Uvumilivu ukanishinda, nikapanda kilima mwenyewe huku mizinga inaniangalia usoni. Nimepoteza vizibo 31.

Nilipomuuliza kwa nini hakushuka akanijibu, "Kwani mimi sijasoma?"

Swali langu, wakuu: unamtegaje mtu mtego ambao tayari ameusoma ulivyonasa?

KIZIBO CHA DRAFTI
Watu wazima na wanasesere? Mbeya baridi imewazidi. Hivyo vizibo mngechezea drafti mngejulikana mna akili.

MKE WA PILI WA NAPOLEON
Kaka umenivunja mbavu kwenye albamu ya harusi. Naweka kigoda hapa.

MIZINGA YA UYOLE
@Kizibo cha Drafti, drafti nacheza, na bao nacheza. Ila kwenye bao kete zote ziko mbele ya macho, na hakuna bahati. Vita ina matope, ina amri iliyochelewa, ina farasi aliyechoka. Hayo ndiyo yanatolewa na dadu.

BWANA VIPIMO
Mkuu tupe kanuni kidogo, mimi nipo Makambako na nina vizibo vya kutosha. Nani anampiga nani?

MIZINGA YA UYOLE
Karibu sana. Nitaeleza kwa kirefu maana hapa ndipo penye utamu.

Kwanza ondoa kichwani bunduki za leo. Askari wa 1805 alikuwa na kitu ambacho sisi tungekiita gobore. Unapakia kwa mdomo wa mtutu, baruti, risasi ya duara, unashindilia, ndipo unapiga. Aliyefunzwa vizuri anapata mara mbili au tatu kwa dakika. Adui akiwa zaidi ya mita mia, kumpata ni majaliwa. Kwa sababu hiyo walisimama bega kwa bega. Gobore moja halina maana, magobore mia tano yakilia pamoja yana maana.

Kikosi cha miguu kina maumbo matatu. Umbo la kwanza ni mstari: kila mtu anaona mbele na anaweza kupiga, ila mwendo ni wa kobe na mstari unapinda ukikuta hata shimo la panya. Kwetu unatembea inchi 4. Umbo la pili ni safu nene, watu wamepangwa nyuma ya wenzao. Inakimbia, inapenya, inchi 7, lakini wanaoweza kupiga ni wa mbele tu, na mpira mmoja wa mzinga ukiingia unapita na wengi. La tatu ni mraba. Wapanda farasi wakija, kikosi kinajikunja pande nne, singe zote nje. Farasi ana akili kuliko aliyempanda, hawezi kujirusha kwenye ukuta wa singe. Kwa hiyo mraba unawashinda farasi.

Lakini mraba umesimama, umebanana, hauendi popote. Mzinga unaupenda kuliko kitu chochote. Basi mchezaji mzuri anatuma farasi si kwa ajili ya kuua, anawatuma ili ujikunje mraba, halafu anasogeza mizinga. Ukifungua mraba ukwepe mizinga, farasi bado wapo pale wanakutazama. Mara ya kwanza jamaa aliponifanyia hivyo nilikaa dakika kumi bila kugusa dadu, chai ikapoa.

Ney, jenerali wa Napoleon, alifanya nusu ya hayo kule Waterloo mwaka 1815. Alipeleka farasi kwa maelfu juu ya kilima, Waingereza wakakunja miraba, naye hakuwa na mizinga ya kutosha wala askari wa miguu karibu nao. Farasi wakabaki wanaizunguka ile miraba kama nzi kwenye kifuniko cha asali.

BWANA VIPIMO
Nimeelewa. Na kizibo kinakufa vipi?

MIZINGA YA UYOLE
Hakifi haraka, kinavunjika moyo. Watu wengi hawakuuawa pale waliposimama, walikimbia. Kila kizibo kina roho 3. Kikipigwa kinapunguza, unarusha dadu, ukipata 1 au 2 kinarudi nyuma na kumtisha jirani yake. Nimewahi kuona upande mzima unakimbia kwa sababu ya kizibo kimoja cha pembeni.

MWENYEJI WA KALENGA
Kamwene wakuu.

Uzi mtamu ila una kitu kinaniuma. Mnakwenda mpaka Cheki kutafuta mtego wakati mnao hapa hapa Nyanda za Juu Kusini. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, hapo Iringa. Zelewski anaongoza msafara wa Wajerumani, askari zaidi ya 300 na wapagazi, njia nyembamba, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Mizinga wameifunga migongoni mwa punda. Wahehe wamelala kwenye nyasi na vichaka na mikuki yao. Likaisha kwa dakika chache, na Zelewski mwenyewe akafia pale. Ilibidi Wajerumani wangoje mpaka Oktoba 1894 ndipo waje na mizinga kuivunja ngome ya Kalenga, na bado Mkwawa akawatoroka, akawasumbua mpaka 1898.

Kwa nini hiyo hamuichezi? Hata kadibodi mngeokoa.

MIZINGA YA UYOLE
Kamwene mkuu. Unasema kweli, na hili tumewahi kulijadili mimi na jamaa, maana yeye kwao ni huko huko kwenu. Tatizo ni lile lile la Austerlitz, tena hapa limezidi. Nani atakubali kuwa Zelewski? Nikikuwekea meza nikakwambia "hapa ni Lugalo, wewe ni Mjerumani," utaishusha mizinga kwenye punda kabla ya raundi ya kwanza, utapeleka wapelelezi kwenye kila kichaka, au utarudi zako Kilosa. Hakuna mtu mwenye akili atakayeingia kwenye ile njia huku anajua.

MWENYEJI WA KALENGA
Hapo umenishika. Lakini kumbuka yeye hakuwa mjinga, alikuwa hajui tu.

MSOMA RAMANI
OP, nimekusoma kwa makini. Naomba nikwambie kitu usikasirike. Jamaa yako hakukuotea, amecheza sawa kabisa.

Desemba 1805 muda ulikuwa upande wa nani? Archduke Charles wa Austria alikuwa njiani na jeshi kubwa kutoka Italia. Prussia, dola la Wajerumani, ilikuwa mlangoni kuingia vitani. Napoleon yuko mbali na kwao, majira ya baridi. Warusi na Waaustria wangekaa tu, Napoleon angekwisha mwenyewe. Kutuzov, jenerali wa Warusi, alilijua hilo, hakutaka vita. Inasimuliwa kwamba usiku ule mpango ulipokuwa unasomwa, yeye alisinzia. Aliyetaka vita ni Tsar Alexander, kijana wa miaka 27, na vijana waliomzunguka. Napoleon akawasoma hao. Akaomba mazungumzo, akajifanya mnyenyekevu mbele ya mjumbe wao Dolgorukov, yule akarudi na habari kwamba Mfaransa anaogopa.

Kwa maneno mengine, kilima kilikuwa chambo, lakini ndoano aliiweka kwenye roho ya yule kijana. Wewe umempa jamaa yako jeshi la Kutuzov, na Tsar umemwacha Urusi.

MIZINGA YA UYOLE
Mkuu, hii nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo nimpe sababu ya kuharakisha?

MSOMA RAMANI
Mpe. Mwambie asipoifikia barabara kabla ya raundi ya 8 ameshindwa. Ila bado atakuwa anajua kuna mtu kwenye pamba.

KIZIBO CHA DRAFTI
Mimi bado nipo. Siwaelewi ila nipo.

MWALIMU WA RUNGWE
Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Napoleon simjui sana. Lakini tatizo la mwanafunzi aliyekariri majibu nalijua. Sisi tunabadilisha majina na namba. Wa mwaka jana alikuwa Juma ana machungwa, mwaka huu Asha ana lita za maziwa. Swali ni lile lile, na aliyekariri anaanguka.

Kwa nini usimfiche vita yenyewe? Geuza ramani, badilisha majina, asijue anacheza nini.

MSOMA RAMANI
Mwalimu umemaliza. Na atafutwe mwamuzi. Waprusi walikuwa na mchezo wao wa kufundishia maofisa, Kriegsspiel, von Reisswitz aliutoa mwaka 1824. Wachezaji hawaoni yote. Mwamuzi ndiye anayejua kila kikosi kilipo, wao wanaandika amri kwenye karatasi, naye anawaambia wanachokiona tu.

MIZINGA YA UYOLE
Mwamuzi ninaye. Binti yangu yuko kidato cha pili, na siri anatunza kuliko mama yake. (Mama watoto akisoma hapa nimekwisha.)

Nipeni mpaka mwisho wa mwezi.

KIZIBO CHA DRAFTI
Mrejesho uko wapi? Siku zimepita.

MIZINGA YA UYOLE
MREJESHO

Wakuu, nimerudi, na mkono bado unatetemeka.

Niliigeuza ramani, kusini ikawa kaskazini. Nikavua rangi zote, hakuna bluu wala kijani, vizibo vyote vikawa vyekundu na vyeusi. Nikamwambia jamaa hii ni vita ya kubuni, imetokea hapa Mbeya, mwaka haujulikani. Kilima cha katikati nikakiita Mlima wa Bibi. Kijito ni Nzovwe. Kazi yake: aikate barabara ya Chunya kabla ya raundi ya 8, maana baada ya hapo chakula cha jeshi lake kinakwisha. Tunduma sikuitaja kabisa, nilishaitaja humu na jamaa huenda anapita kimya kimya.

Yeye anakaa sebuleni na meza. Mimi nikahamia jikoni na ramani ya mkono na jiko la mkaa, maana Juni hii Uyole si mchezo. Binti anatembea katikati na vikaratasi. Sheria yake moja: amri inafika raundi moja baada ya kuandikwa.

Hii ya amri kuchelewa ndiyo iliyonifungua macho. Unaandika "songa mbele," halafu unakaa. Hujui kama wamesonga. Binti anarudi, anakwambia "baba, upande wa kushoto wanasikia mizinga," basi, anaondoka. Mizinga ya nani? Hasemi. Nilijikuta natoka jasho mbele ya sufuria la maharage. Tumecheza karibu miaka miwili tukiangalia meza kutoka juu kama malaika, tukawacheka majenerali wa watu kwamba hawakuona.

Raundi ya 3 binti akaniletea kikaratasi: adui anashuka Mlima wa Bibi.

Sikuamini. Nikamuuliza wangapi. Akasema, "Baba, mwamuzi hajibu maswali." Raundi ya 4, bado wanashuka, na upande wangu uliokonda unavunjika moyo kizibo baada ya kizibo. Nilikuwa na vizibo 7 vilivyokuwa vinakuja mbio kutoka nje ya ramani, ndiye Davout wangu, lakini binti alinirushia dadu akasema wamechelewa, njia ina matope. Nikaona nakufa na mtego wangu mkononi. Kuandika amri mapema au kungoja? Inasimuliwa Napoleon alimuuliza Soult atachukua muda gani kufika juu, Soult akasema chini ya dakika ishirini, akaambiwa angoje kidogo. Hako kangojeo kadogo, wakuu, kwenye kitabu ni mstari mmoja. Jikoni kwangu kalikuwa na urefu wa kuungua maharage. Yaliungua kweli.

Nikaandika raundi ya 5. Ikafika ya 6. Umeme ukakatika.

Binti akawasha tochi ya simu, akaingia sebuleni, akaanza kuondoa pamba bondeni, na chini yake vizibo 16 vinatazama mlima ambao juu yake amebaki na vizibo vinne na mzinga mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni nimejibana. Jamaa hakusema kitu. Akainama, akaangalia kilima, akaangalia kijito. Akachukua ile ramani, akaigeuza juu chini karibu na tochi.

Akasema, "Pumbavu. Ukungu."

Halafu akacheka mpaka shemeji yake akaja kuuliza nani kaanguka.

Ushindi haukuwa wa Napoleon, niseme ukweli. Vizibo viwili vyangu viligoma kupanda, na Davout wangu alifika raundi ya mwisho, wakati hakuna wa kuokoa. Nimepoteza 22, yeye 34. Ila alishuka. Mtu aliyesoma Austerlitz kuliko mimi alishuka Pratzen kwa miguu yake mwenyewe.

MWALIMU WA RUNGWE
Ndaga fijo kwa mrejesho. Binti apewe alama zote.

MSOMA RAMANI
"Mwamuzi hajibu maswali." Huyo awe jaji.

KIZIBO CHA DRAFTI
Sawa. Hiyo tepu ya fundi mnatumia inchi au sentimita? Nauliza tu.

MIZINGA YA UYOLE
Inchi, mkuu. Karibu kundini.

Wakuu, jingine fupi. Jamaa amesema zamu yake sasa. Leo kanitumia bahasha kwa kijana wa bodaboda, ndani kuna karatasi moja imeandikwa kwa mkono. Nainukuu mnisaidie kupanga, ila msinitajie jina la vita hata mkiijua, maana ndiyo masharti:

"Wewe ni jenerali wa Kifaransa, Hispania. Kizibo kimoja sasa ni watu kumi. Unavyo thelathini na vitatu, pamoja na wapagazi. Mizinga yako iko kwenye migongo ya nyumbu. Wenyeji unawadharau, hawana bunduki za maana, na vijiji ulivyopita umevikuta vitupu. Mbele yako njia nyembamba, nyasi ndefu upande mmoja, mawe na vichaka upande wa pili. Ni asubuhi. Andika amri zako uzilete Jumamosi."

Mimi nimeshapata wazo. Nyasi hazina shida, wenyeji wenyewe hawana bunduki. Nitapita haraka, safu moja, ili nitoke kwenye njia kabla jua halijakuwa kali. Mizinga naiacha kwenye nyumbu, kuishusha ni kupoteza raundi mbili bure. Mnaonaje?

MSOMA RAMANI
Masharti ni masharti. Sisemi.

MWENYEJI WA KALENGA
Kamwene mkuu. Mimi naona mpango wako ni mzuri. Safari njema.